Nirudishie Tusi Langu

Nyinyi mnaobaki pale redioni mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tunafanya kazi, ili wanaokuja wasidhani redio ilianza siku walipoikuta. Nimekubali, kwa sababu sasa nina nafasi na mpunga wangu shambani haujakomaa. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache. Mshahara nao sitautaja, maana wenyewe ulikuwa hautukumbuki mara kwa mara. Nitasema kazi tu, na kazi yangu ilikuwa kufua nyimbo. Ndiyo maana nusu ya Kasongo hawajui kwamba ninaitwa Feza. Wananiita Mama Sabuni, na mpaka leo wako wanaobisha hodi kwangu kuulizia kipande cha kufulia.

Siku yangu ya kwanza, redio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya depo ya chumvi. Kuta zilitundikwa mablanketi ili sauti isirudi, na joto la mle ndani lilitosha kuivisha ndizi. Fundi wetu alikuwa Baba Kalonda, mtu wa upande wa Lusangi, mrefu, mkimya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka wala akimaliza kikombe cha chai. Hakuniuliza shule. Alinikalisha mbele ya kinasa sauti, akatia kaseti ya nyimbo za harusi, akaniambia nisikilize, na nikiona uso unapata moto niinue mkono. Ubeti wa kwanza haujaisha, mkono wangu uko juu. Akazima. Akasema kazi ni yangu, kwa sababu aliyejaribiwa kabla yangu alisikiliza kaseti nzima, upande huu na upande ule, kisha akaomba arudishiwe mwanzo.

Niwaeleze nyinyi mliotoka Kindu na Bukavu, mnaodhani harusi ni spika mbili kubwa na kijana wa kuchezesha muziki wa simu. Kwetu, alasiri ya hina, wanawake wa upande wa bwana harusi walikaa huku, wa bibi harusi kule, katikati ngoma moja, na huruma hakuna. Upande mmoja ulitoa mwanamke wa kuimba tusi, akimtaja mtu kwa jina, na tusi lenyewe liwe la kukata. Aliyetukanwa hakasiriki. Anasimama anajibu, pale pale kama ana kichwa chepesi, au harusi inayofuata kama kichwa ni kizito. Akishajibu, tusi na jibu vinafungwa pamoja, vinaimbwa pamoja siku zote, na hakuna mwenye ruhusa ya kununa. Lakini ukiimba kimoja bila kingine, hapo umetukana kweli, na watu wanaweza kukaa miaka wasisalimiane. Mama yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kupika sombe.

Sasa redio haina upande wa bwana harusi wala wa bibi harusi. Kila Jumapili tulikuwa na kipindi cha Ngoma za Kwetu, na kilisikilizwa na shehe, na padri, na mama mkwe, na watoto waliotumwa maji wakasimama dirishani na ndoo kichwani. Baba yangu alikuwa mkatoliki na mama yangu mwislamu, kwa hiyo wimbo ukipita vibaya nilikaripiwa na pande zote mbili kabla ya chakula cha jioni. Ilibidi nyimbo zifuliwe.

Mwanzoni tulifua kwa mkono. Vyombo vyetu vilikuwa kinasa sauti kimoja, wembe, utepe wa kuungia, na kreyo, penseli ya mtoto wa shule, ya kuzungushia kaseti ili tusimalize batri. Batri zenyewe tulizianika juani asubuhi pamoja na mihogo. Baba Kalonda alikata neno chafu kwa wembe, akaunganisha, na mwimbaji akasikika amejikwaa kidogo kisha akaendelea na safari. Utepe ulipokwisha, tukaanza kukohoa. Nilikaa karibu na mikro ya kutangazia, na neno likikaribia nakohoa. Wasikilizaji wakaanza kuniletea dawa. Walileta asali, walileta tangawizi, na bibi mmoja akaleta majani ya kujifukiza, akisema kifua changu kinamnyima usingizi kila Jumapili. Nilijifukiza mbele yake, ningefanyaje.

Ndipo Baba Kalonda akaja na jogoo. Alimnasa jogoo wa jirani akiwika, na kila penye neno chafu akamweka jogoo juu yake. Kazi ilikuwa safi kabisa. Tulijisifu kwa muda mrefu, mpaka nilipokwenda Wamaza kwa pikipiki kunasa nyimbo mpya, nikakuta wanawake wanatwanga na kuimba wimbo wetu, na walipofika pale, wote wakawika. Nikawauliza kwa nini wanawika. Wakaniambia ndivyo wimbo ulivyo, wameusikia redioni. Watoto nao walishajua kila jogoo anasimamia nini, tena walimpa maana mbaya kuliko neno lenyewe. Mzee mmoja alikuwa amemtukana shemeji yake sokoni kwa kuwika tu, na kesi ikafika kwa chifu. Direkta wetu akapiga marufuku jogoo hewani, hata katika matangazo ya bei ya kuku.

Lugha nazo zilitusumbua. Mimi Kibangubangu ninakisikia kidogo tu, na kutoka Kabambare kulikuwa kunakuja nyimbo za Kibangubangu tupu. Tulimtafuta mama mmoja wa huko, muuza mafuta ya mawese, atusaidie kutafsiri. Kila wimbo alisikiliza akijifuta machozi ya kicheko, kisha akasema huu ni wa mavuno, Mama, rusheni. Tulirusha nyimbo za mavuno nyingi sana. Siku moja ujumbe mzima wa wazee ukashuka kutoka Kabambare, wamepanda pikipiki kwenye ile njia ya mashimo, vumbi mpaka kwenye kope, kuja kutuuliza ni mavuno gani hayo yanayofanyika gizani watu wawili wawili. Muuza mawese tulimwomba abaki na mawese yake.

Tangu hapo nikaanza ufuaji wa kweli, yaani kubadilisha maneno. Nilichukua kikundi cha wanawake wenye sauti, tukawa tunaimba upya pale studio. Ufundi wake ni huu, na mkiutaka uchukueni. Neno safi liwe na urefu sawa na neno chafu, na mdomo ulikubali bila kulitafuna. Mume aliyekuwa analala kitandani bila faida nilimhamishia kibarazani. Bwana mmoja ambaye wimbo ulimwita mlevi nilimfanya mkulima. Silabi ilizidi moja, tukaimeza. Msimu uliofuata bwana huyo aliitwa kwenye mkutano wa wakulima akatoe mawaidha. Alikuja kunishukuru, amelewa.

Baba Kalonda alinifundisha yote hayo kwa maneno machache mno. Alipochoka alirudi kwao Lusangi, na habari ya kifo chake ilitufikia baada ya mazishi, imeletwa na mchimba dhahabu aliyekuja kurusha salamu. Ninamkumbuka. Nilizima mikro siku hiyo, nikalia, kisha nikaiwasha nikasoma salamu za yule kijana kama kawaida.

Kati ya nyimbo zote, uliokuja kunitoa jasho ni wa Bi Zaina na Bi Hadija. Ulianza zamani, kabla ya redio, wao wakiwa wasichana. Hadija ni mtu wa hapa Kasongo, wa ukoo wa wafanyabiashara wa mpunga. Zaina alikuwa mgeni kutoka Kabambare, amekuja kwa harusi ya binamu yake. Kaka yake Hadija, Bakari, alikuwa amekwenda Kabambare mara kadhaa akisema anafuata karanga, na hakuna nyumba inayokula karanga kiasi hicho. Kwa hiyo siku ya hina Hadija alisimama, akamtazama mgeni juu mpaka chini, akazunguka akamtazama na nyuma, akaimba:

Zaina katoka Kabambare,
makalio yameshuka Wamaza;
kafika Kasongo peke yake,
kiti kinamuuliza: umekalia nini?

Wamaza iko njiani, kwa msiopajua. Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Zaina, ambaye kweli Mungu hakumjalia sana upande huo, hakungoja harusi nyingine. Alijibu pale pale:

Kaka yako kayafuata kwa miguu,
kayaokota, kayatia kichwani;
kila kijiji anaulizwa: ni ya nani?
Anajibu: ni yangu, nimeyapata.

Mimi nilikuwa mtoto, nimefukuzwa, nimejibanza nyuma ya jiko, na hata huko niliwasikia wanaume barabarani wakimpigia Bakari makofi. Bakari na Zaina hawakuoana. Baba yake Zaina alikuwa ameshatoa ahadi kwa fundi cherehani wa hapa Kasongo, Mungu amrehemu, na zamani ahadi ya baba haikuwa kitu cha kujadili. Bakari akaoa kwingine, Zaina akakaa na cherehani, na wimbo ukabaki. Uliimbwa kila harusi, tusi na jibu lake, na wenyewe walikuwepo wakacheka pamoja na watu.

Redio ilipokuja, nasi tukaurusha. Kesho yake shehe na padri walikutana mlangoni kwetu, kila mmoja akidhani mwenzake amekuja kuutetea, na walipogundua wako upande mmoja wakaingia wameshikana mikono. Direkta akaniita. Kazi niliyoifanya ninajivunia mpaka leo. Makalio niliyatoa, nikaweka magunia. Silabi nne kwa silabi nne, mdomo haukusikia tofauti. Kile kiti chenye maswali nilikifunika kwa vigelegele. Jibu la Zaina sikuligusa, maana halina neno hata moja la kumsimamisha padri. Baba Kalonda, wakati huo bado yuko nasi, alisema kitu fulani kuhusu kufua nusu, lakini grupu ya umeme ilikuwa inakohoa na mafuta yanaisha, tukaendelea.

Wimbo ukishatoka mlangoni si wako tena. Kwaya moja iliupenda, ikamtoa Zaina na kumweka Msafiri, ukawa wimbo wa kuvumilia njia ndefu. Shule moja ikauimba siku ya kugawa matokeo, magunia yakawa madaftari. Halafu vijana wachimbaji wa Lusangi wakautia midundo ya simu, na wale vijana wana akili za kuunganisha mambo. Magunia yameshuka Wamaza, mtu mmoja kayaokota, kajitwika, anasema ni yake kayapata. Huyo si mwizi? Wakaongeza kiitikio cha mwizi wa magunia, na kwa sababu waliuliza na kuambiwa kaka yake Hadija ni nani, wakamtia jina. Bakari alikuwa ameshafariki. Wanawake waliokuwepo ile alasiri ya hina nao wengi walikuwa wamekwisha, na harusi zilikuwa zimehamia kwenye spika.

Aliyebaki kuubeba wimbo ni Sefu, mtoto wa Bakari. Na Sefu anauza nini? Mpunga, kwa magunia. Waendesha pikipiki wa kutoka Wamaza walipunguza mwendo mbele ya duka lake, wakamuuliza kama haya ya leo yameokotwa wapi. Mteja mmoja anapimiwa, mwenzake nyuma anaimba. Sefu ni mtu wa heshima, hana mchezo hata wa dakika moja, na asili ya wimbo hakuijua, maana alasiri ya hina ni ya wanawake. Ni mtoto gani anaelezwa nyumbani kwamba baba yake, kabla ya mama yake, alikuwa anafukuzia makalio ya mtu mpaka Kabambare?

Mambo yangeishia kwenye kununa. Lakini mtoto wa Sefu, Idi, akapendana na Mwajuma, mjukuu wa Bi Zaina, anayefanya kazi kwenye kituo cha afya. Walipendana sawasawa, na wazee wakaanza kupeleka maneno ya posa. Sefu alipojua Mwajuma ni mjukuu wa nani, akasimamisha kila kitu. Alisema mtoto wake hataoa kwa watu waliomwita baba yake mwizi. Kama wanataka harusi, Bi Zaina aje redioni aombe msamaha hewani, Kasongo yote isikie. Bi Zaina akasema hajamtukana mtu, yeye alijibu. Kuomba msamaha kwa ajili ya jibu ni kukubali kwamba ndiye aliyeanza, na hilo hatalifanya hata wamletee studio kitandani kwake. Mwajuma akaacha kula. Idi akaanza kusema kwamba atakwenda Lusangi kwenye mashimo ya dhahabu na asirudi tena, na yale mashimo huwa yanawapokea kweli vijana wanaosema hivyo. Mama yake alikuwa anamvizia mlangoni.

Nilikuwa nimekaribia kustaafu pale Bi Zaina alipoingia studio na fimbo yake, amejifunga kitenge cha kwendea msibani, akakaa bila kukaribishwa.

"Feza," akasema, "unirudishie tusi yangu."

Nikamuuliza tusi gani.

"Ya Hadija. Uliitwaa hapa, ukatia magunia. Sasa watu wanasikia miye naita mutu mwizi, hawajue yeye alianza kunisema nini. Niko nagombana na mutu asiyekuwako. Rudisha tusi yangu, mutoto wangu aolewe."

Maisha yangu yote ya kazi watu walikuja kutaka watolewe kwenye nyimbo. Huyu alitaka arudishwe, tena na makalio yake. Nikamwahidi nitajaribu.

Kaseti ya kwanza niliipata, lakini juu yake tulikuwa tumenasa mafundisho ya kunawa mikono, na mwishoni tangazo la mbuzi aliyepotea. Basi nikaenda kwa Sefu mwenyewe, nikamwambia maneno ya kweli ninayajua, kwa sababu mimi ndiye niliyeyatoa. Nikamwambia neno lenyewe. Akaniangalia kwa huruma, akasema kwa adabu zote: "Mama Sabuni, weye kazi yako tangu zamani ni kutia maneno ya kwako pale penye ya wengine. Leo nitakuamini namna gani?" Nilirudi nyumbani nikawafokea bata. Nimefua kwa uaminifu mpaka mvi zikaota, kumbe faida yake ni kwamba hata nikitamka tusi siaminiki.

Nikatafuta mashahidi. Mwimbaji mmoja wa kikundi changu alikumbuka magunia tu, akaniapia kwamba ndiyo asili. Mama mmoja wa ile kwaya alilijua neno, lakini mdomo ulimkatalia. Alinigeuzia mgongo, akajionyesha kwa kidole begani, akashuka, akashuka, akaishia kiunoni na kuniambia nijazie mwenyewe. Mpiga ngoma wa siku ile, mzee kabisa, alikumbuka mapigo yote, maneno hakuna. Akabaki Hadija.

Na Bi Hadija si yule wa hina tena. Anafundisha wanawake Kurani, tasbihi haimtoki mkononi, na yeye ni shangazi yake Sefu, akisema moja Sefu hasemi mbili. Alinikaribisha kwa chai ya tangawizi. Nikamweleza habari za watoto, na Idi na mashimo yake. Alisikiliza kwa upole wote, kisha akaniambia nimekosea nyumba. Yeye? Asubuhi afundishe watu alifu, alasiri aimbe habari za kiti? Nikamwambia sijataja kiti. Akanywa chai. Nikauimba ule wimbo taratibu, bila maneno, na chini ya kanga mguu wake ukaanza kupiga, lakini mdomo ulibaki umefungwa. Niliondoka nikijua anaukumbuka wote, na kwamba anaona aibu mbele ya wanafunzi wake kuliko anavyomwonea huruma mjukuu wa kaka yake. Nilimkasirikia sana siku hiyo, siwezi kusema uongo.

Shehe akaita kikao, Jumamosi baada ya swala ya alasiri, kwenye barza ya Sefu, katikati ya magunia yenyewe. Sefu alikaa kwenye kiti chake cha dukani, Bi Zaina akakaa kumkabili, wanawake walikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, na kati yao Bi Hadija na tasbihi yake. Mwajuma aliambiwa angoje uani, na kila mara tulimsikia akisafisha koo. Shehe alisema wazi kwamba siku hiyo jambo linaisha, ama kwa harusi ama kwa kuivunja posa.

Nikapewa nafasi. Nikasema sitaeleza, nitaimba, wao wapime. Nikaimba ya magunia, Sefu akatikisa kichwa. Nikaimba ya Msafiri, shehe akaipenda. Nikaimba ya Lusangi, kiitikio nimekiacha, na hata hivyo Sefu alisimama akitaka kikao kifungwe. Tasbihi ya Bi Hadija ilikuwa inatembea tu, punje moja moja.

Hapo likanijia jambo ambalo Baba Kalonda alikuwa analifanya vijijini. Tukikutana na mwimbaji mwenye aibu, hakumbembeleza. Yeye mwenyewe, mtu asiyejua kuimba kabisa, aliuchukua wimbo wa yule mwimbaji akauimba vibaya kwa makusudi, mpaka mwenyewe ashindwe kuvumilia amnyang'anye. Njia hiyo haikuwahi kutuangusha. Basi nikamwomba shehe msamaha, nikafumba macho, nikaanza ule wa kweli, na makalio yake, mpaka nikafika kwenye kiti. Hapo nikauharibu. Nikaimba: kafika Kasongo peke yake, kiti kikavunjika.

Tasbihi ikasimama.

"Kivunjike na nini?" akauliza Bi Hadija.

Nikafumbua jicho moja.

"Nauliza, kivunjike na nini? Mutu hana kitu ya kuvunjia kiti, kiti itavunjika namna gani? Hiyo haiko wimbo. Hiyo ni ujinga."

Akaiweka tasbihi kwenye mkeka, akapiga makofi kidogo kuyatafuta mapigo, na akauimba wote, na kiti chake kinachouliza, kwa sauti iliyokwaruza lakini iliyojua kila kona. Hajamaliza pumzi, Bi Zaina ameshasimama bila fimbo, anajibu. Wanawake wa mkekani wakajikuta wanaitikia. Shehe akagundua ghafla kwamba kiatu chake kimeingia mchanga, akakivua na kukikung'uta kwa muda mrefu.

Sefu akakaa. Nilimwona akilipitia jibu la Bi Zaina upya kichwani, kayafuata, kayaokota, kayatia kichwani, na midomo yake inatembea.

"Shangazi," akasema, "kumbe haikuwa mpunga."

"Haikuwa mpunga, baba," Bi Hadija akamwambia. "Baba yako hakuiba kitu ya mutu. Alipenda tu."

Mtu aliyekuwa na baba mwizi amepewa baba wa kuchekesha, na nadhani aliwapima wote wawili akaona huyu ni nafuu. Kisha Sefu akacheka. Alicheka vibaya, bila mazoezi, mpaka akalishika gunia lililokuwa karibu asianguke, na kule uani Mwajuma, bila kujua kilichotokea, akaanza kucheka pia huku analia. Chai ikaagizwa na siku ya harusi ikatajwa kabla ya maji kuchemka.

Sefu alitoa sharti moja, kwamba wimbo wa kweli urushwe redioni wote, na kiti chake. Nilipompelekea direkta, alikumbuka kwamba ana kazi ya kukagua antena, akatoka, akakaa huko nje mpaka ulipoisha. Pikipiki za Wamaza bado zinapunguza mwendo mbele ya duka, lakini sasa wanamuuliza Sefu kama karanga zimefika, na yeye anawajibu. Nyinyi mtakaofua baada yangu, mkigusa tusi, mguse na jibu lake, au viacheni vyote viwili vichafu. Sina fundisho lingine kubwa kuliko hilo.

Alasiri ya hina ya Mwajuma ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Spika zilizimwa. Niliweka mikro kati ya mabibi wawili, nikavaa kaske ya kusikilizia masikioni, na wakauimba na kuurudia mpaka sauti zikawaisha. Halafu wasichana wakaichukua ngoma, watu wote wakawageukia wao, na wale wawili wakabaki wamekaa karibu na mikro ambayo sikuwa nimeifunga. Kipande kinachofuata sikukirusha hewani, ingawa hakina neno chafu hata moja. Nimewaomba ruhusa ya kukiandika, wakanipa.

"Hadija," Bi Zaina aliuliza, "marehemu Bakari alikuwa anauimba bado?"

"Mpaka siku zake za mwisho. Hata kitandani, tukibaki wawili."

Bi Zaina akavuta kitenge chake begani, akawatazama wasichana wanaocheza.

"Alikuwa anaimba ya kwako, ao ya kwangu?"

"Ya kwako," akasema Bi Hadija. "Ya kwangu alikuwa anasema ni ya uongo."